Mafunzo Niliyopata Nikiwa Mhazini wa Timu ya Mtaa, Mikumi

Nimelelewa Kilosa mjini, karibu na reli, na kazi imeniweka Mikumi kwa miaka mingi sasa. Huku Mikumi nimekuwa mhazini wa timu ya mtaa inayocheza ligi ya wilaya. Kazi yangu ni kukusanya michango, kutafuta gari la safari, kulipa ada za chama cha mpira cha wilaya na kuandika kila kitu kwenye daftari. Mwisho wa juma, kama wenzangu wengi, huwa kwenye kibanda umiza nikitazama Ligi Kuu ya England. Wenzangu hubishana kuhusu kocha gani afukuzwe na straika gani asajiliwe. Mimi daftari limenizoesha maswali mengine: nani analipa, pesa inatoka wapi, na mkataba unasema nini? Nimeyauliza kwa Manchester United, kwa Simba na Yanga, na kwa timu zetu za Morogoro. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kiingilio hakilishi timu

Uwanja wetu hauna ukuta. Siku ya mechi mtu anapita na kofia, wenye moyo wanatoa na wengine wanageuza macho upande wa goli. Kinachopatikana kinanunua maji, na kikizidi kinalipa sehemu ya posho ya waamuzi. Mechi ikipangwa Kilosa mjini, lazima Coaster ikodiwe ipite njia ya Ulaya, kata ya wilaya yetu, hadi makao makuu ya wilaya, na hiyo safari moja inaweza kumeza makusanyo ya kofia ya nusu msimu. Ikipangwa Morogoro tunapita katikati ya hifadhi, zaidi ya kilomita 100, na dereva wa Coaster anajua kabisa kuwa hatuna chaguo jingine.

Nilidhani hili ni tatizo la timu maskini tu, mpaka nilipoanza kusoma hesabu za klabu za England. Kule nako tiketi peke yake hazitoshi. Pesa kubwa inatoka kwenye televisheni na kwa wadhamini. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya England ndani ya Uingereza, kwa miaka minne kuanzia msimu wa 2025/26, ziliuzwa kwa pauni bilioni 6.7. Ndiyo maana klabu ikishuka daraja huwa inalia kama imefiwa: imepoteza sehemu kubwa ya mgawo wa televisheni, wakati mishahara ya wachezaji waliosajiliwa kwa hadhi ya Ligi Kuu bado inadaiwa kila mwezi.

Kwetu mlango huo umepanuka karibuni. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Hizo ni habari njema kwa klabu 16 za juu. Chini ya hapo giza ni lile lile, na anayelipa Coaster ni mwananchi wa mtaa.

2. Mfadhili akiondoka, msimuulize aliyebaki kwa nini timu imekufa

Mkoa wetu una historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa, ikiwa timu ya kwanza kuutoa nje ya Dar es Salaam. Baadaye tukawa na Reli Morogoro, timu iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa sababu Simba na Yanga zilikuja Uwanja wa Jamhuri zikiwa na hofu ya kweli. Sisi watoto wa Kilosa tuliiona Reli kama timu yetu. Baba zetu walifanya kazi kwenye shirika lile lile, treni zilipita kwetu, na habari za matokeo zilifika na wafanyakazi wa zamu kabla redio haijatangaza.

Timu hizo zililelewa na mashirika ya umma. Mchezaji alikuwa mwajiriwa, mshahara wake ulitoka kwenye shirika, na nyumba alipewa na shirika. Mashirika yalipoanza kuuzwa, kupunguza wafanyakazi au kufa katika miaka ya 1990, timu zilikwenda nayo. Haikuwa Reli peke yake. Orodha ya timu za mashirika zilizopotea au kudhoofika nchi nzima ni ndefu, na wachezaji wake hawakuwa wabovu. Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, imedumu kwa sababu kiwanda cha sukari nyuma yake kimedumu. Hata hivyo ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24, ikarudi baada ya msimu mmoja. Mwaka 2018, ilipotaka kurudi kwenye mashindano ya Afrika, ilibidi kwanza imalizane na faini ya CAF ya dola 15,000, iliyotokana na kushindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kucheza mechi miaka mingi kabla. Habari hiyo niliisoma nikiwa natafuta pesa ya Coaster, nikaielewa kuliko maneno yote ya wachambuzi.

England nako wana hadithi za aina hii. Bury, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885, ilitolewa kwenye ligi Agosti 2019 kwa kuwa haikuweza kuthibitisha kuwa ina fedha za kumaliza msimu. Mwenye klabu wa mwisho aliinunua kwa pauni 1. Chelsea, pamoja na makombe yake yote, ilitikisika ndani ya siku chache mwezi Machi 2022 pale serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo Roman Abramovich. Klabu ilipona kwa sababu ilikuwa na thamani ya kuuzika kwa pauni bilioni 2.5. Timu ya mtaa haina bei hiyo.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa karibu. Julai 13, 2017 nilikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, siku Everton ilipocheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney, ambaye alikuwa amerudi tu Everton, alifunga kwa shuti la mbali na uwanja mzima ukasimama. Aliyezikutanisha timu hizo ni kampuni ya kubashiri ya SportPesa, mdhamini wa zote mbili, ambaye mwaka huo huo aliingia pia Simba na Yanga. Miaka miwili baadaye SportPesa ikaingia kwenye mgogoro wa leseni na kodi na serikali ya Kenya, ikafuta udhamini wake huko. Gor Mahia, mabingwa wa nchi, wakabaki wakihangaikia mishahara na nauli. Everton nayo iliachana na jina hilo kifuani mapema kuliko mkataba ulivyosema, lakini ilipata mdhamini mwingine kabla ya msimu uliofuata kuanza. Klabu yenye njia nyingi za mapato ilibaki wima.

Kwetu wafadhili huja na msimu. Mwaka wa uchaguzi jezi zinakuwa nyingi kuliko wachezaji. Mwaka unaofuata simu hazipokelewi. Tangu nilipolielewa hili nimeisimamia kanuni moja kwenye kamati yetu, na nimegombana na watu kwa ajili yake: pesa ya mfadhili inunue vitu vinavyobaki, yaani mipira, nyavu na jezi. Nauli na posho zitoke kwenye michango ya wanachama, hata ikiwa midogo. Mfadhili akiondoka, timu itaendelea kusafiri.

3. Kocha hufukuzwa kwa kuwa yuko peke yake

Kocha wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hana mshahara kwetu. Anapewa nauli na posho ndogo, na akili yake ya mpira anaitoa bure. Msimu mmoja tulipoteza mechi mfululizo, na wazee wa timu wakaitisha kikao wakitaka aondoke. Niliomba tusome kwanza daftari la mahudhurio. Wachezaji wetu wa kiungo karibu wote hawakuwa wameonekana mazoezini, kwa sababu msimu wa miwa ulikuwa umeanza na walikuwa Ruaha na Kidatu kutafuta riziki. Wengine wawili walikuwa Malolo kwenye vitunguu. Kocha alikuwa anapanga timu kwa waliobaki. Kikao kiliisha bila kumfukuza mtu, tukahamisha mazoezi yawe jioni ya Jumapili na asubuhi mapema. Hatukutwaa ubingwa, lakini hatukushuka.

Tangu hapo, kila nikisikia kocha amefukuzwa, natafuta daftari la mahudhurio la klabu hiyo. Manchester United ilimwongezea Erik ten Hag mkataba Julai 2024, kisha ikamfukuza Oktoba 28 mwaka huo huo. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4, na kumtoa Ruben Amorim Sporting kukahitaji fidia nyingine ya mamilioni. Uamuzi wa Julai na uamuzi wa Oktoba ulifanywa na viongozi wale wale wa klabu. Ndani ya miezi hiyo kocha hakugeuka kuwa mtu mwingine. Klabu hiyo hiyo ilimwajiri Alex Ferguson Novemba 1986, naye hakubeba kombe hata moja mpaka Kombe la FA la mwaka 1990. Angekuwa kocha wa leo angeondolewa kabla ya hapo, na miaka yake 26 isingekuwepo.

Simba ni somo lake lenyewe. Kuanzia alipoondoka Didier Gomes Oktoba 2021 hadi alipokuja Fadlu Davids Julai 2024, walipita Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha, na katikati yao Juma Mgunda akiitwa kushika usukani. Robertinho aliondolewa siku mbili tu baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, Novemba 5, 2023. Kila kocha mpya alikuja na orodha yake ya usajili, na kila orodha ilikuwa na bei. Kinachonisikitisha ni kwamba wale waliosajiliwa kwa orodha ya kocha aliyeondoka walibaki kwenye hesabu za mishahara wakati kocha mpya hawataki. Gharama ya kweli ya kubadili kocha iko hapo.

Yanga hutolewa kama ushahidi wa upande wa pili, nami nakubali kuwa ni ushahidi mzito. Msimu wa 2024/25 ulianza na Miguel Gamondi, akafukuzwa Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza na ubingwa. Makocha watatu, na ubingwa wa ligi ukabaki Yanga. Lakini kikosi kile kilikuwa kimejengwa kwa miaka, tangu enzi za Nasreddine Nabi. Nabi alifika Aprili 2021, akamaliza msimu wake wa kwanza bila kombe, wakamvumilia. Msimu uliofuata akachukua ubingwa bila kupoteza mechi, na mwaka 2023 akaipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ule uvumilivu wa 2021 ndio uliowalisha makocha waliofuata. Ukiwa na msingi wa namna hiyo unaweza kumudu vurugu ya msimu mmoja. Bila msingi huo, kila kocha mpya ataanza sifuri.

4. Ukisikia tetesi, tafuta mwenye haja nayo

Dirisha la usajili likifunguka, kibanda umiza hujaa hata siku zisizo na mechi. Kila mtu ana simu, kila simu ina picha ya mchezaji aliyejifunika uso uwanja wa ndege. Nilijifunza kutulia kwa kuuliza maswali machache: klabu inayonunua ina pengo gani? Pesa ipo? Mkataba wa mchezaji umebaki muda gani? Na nani anafaidika habari hii ikisambaa leo?

Januari 2020 tetesi za Mbwana Samatta kwenda Aston Villa zilipoanza, wengi kibandani walicheka. Tulikuwa tumesikia klabu nyingi za England zikitajwa naye tangu alipotoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, na hakuna iliyotokea. Safari hii hali ilikuwa tofauti. Siku ya mwaka mpya straika wa Villa, Wesley, aliumia goti vibaya wakicheza na Burnley. Villa walikuwa wanapigania kubaki Ligi Kuu, dirisha lilikuwa wazi, na Samatta alikuwa ametoka kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi ya Ubelgiji. Pengo lilikuwepo, pesa ilikuwepo, muda ulikuwa unakimbia. Januari 20 akatangazwa, Mtanzania wa kwanza kwenda kucheza Ligi Kuu ya England. Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City. Villa walipoteza 2-1, na Mikumi ile jioni watu walishangilia kama kombe limekuja Tanzania.

Linganisha na tetesi za Clatous Chama, ambazo zilikuwa zinarudi karibu kila dirisha. Alikwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Simba Januari 2022, na kila mkataba ulipokaribia kwisha jina lake likapelekwa Yanga na midomo ya watu. Hatimaye Julai 2024 akaenda Yanga kweli. Waliosema mwaka 2022 hawakuwa manabii. Mchezaji ambaye mkataba unamalizika anahitaji klabu ya pili itajwe ili ya kwanza ipandishe ofa, na wakala wake anajua namba za waandishi. Hakuna ubaya katika hilo, ni kazi yake. Ubaya ni sisi kuichukua kama habari iliyokamilika.

Mfano mzuri wa karibuni ni Alexander Isak. Majira yote ya kiangazi ya 2025 tuliambiwa amekwenda Liverpool, kisha hakwenda, kisha amegoma. Alikuwa na mkataba na Newcastle hadi 2028, kwa hiyo Newcastle hawakuwa na haraka. Walichokihitaji ni mbadala. Walipomsajili Nick Woltemade mwishoni mwa Agosti, mlango ukafunguka, na Septemba 1, siku ya mwisho ya dirisha, Isak akauzwa kwa pauni milioni 125. Aliyekuwa anafuatilia safari za Isak alipoteza muda. Aliyekuwa anatazama kama Newcastle wamepata straika mwingine alijua siku mbili kabla.

5. Mtoto wa nyumbani ndiye anayeuzwa kwanza

Hili lilinichukua muda kulielewa. Klabu ikinunua mchezaji kwa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye vitabu vyake haiandiki hasara ya milioni 100 mwaka huo. Inaandika milioni 20 kila mwaka. Ndiyo sababu Chelsea walimpa Enzo Fernández mkataba wa miaka minane na nusu mwaka 2023, ili pauni milioni 106.8 zigawanywe vipande vidogo, mpaka UEFA na baadaye Ligi Kuu yenyewe wakaweka kikomo cha miaka mitano kwenye hesabu hiyo. Lakini ukimuuza mchezaji, faida yake inaandikwa yote mara moja. Na mchezaji uliyemlea mwenyewe tangu utoto hana bei ya kununuliwa vitabuni, kwa hiyo kila pauni unayopata ukimuuza ni faida tupu.

Kanuni za Ligi Kuu ziliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Everton walivuka, wakapokwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, kisha wakapokwa 2 nyingine Aprili 2024. Nottingham Forest walipokwa 4. Baada ya hapo kila klabu ikaogopa, na mwisho wa Juni, hesabu zinapofungwa, ukawa wakati wa kuuza vijana wa nyumbani. Newcastle walimuuza Elliot Anderson, kijana wao, mwaka 2024 ili kuziba pengo. Hata kabla ya adhabu hizo, Mason Mount, aliyeingia Chelsea akiwa na miaka sita, aliuzwa 2023.

Mimi siipendi kanuni inayofanya kijana wa mtaa awe mali rahisi kuuza kuliko mgeni aliyenunuliwa ghali. Naielewa, lakini siipendi. Klabu hulindwa na watu wa eneo lake, na watu hao huipenda kupitia vijana wao.

6. Mkataba usioandikwa ni deni la kesho

Sakata la Feisal Salum, Fei Toto, kiungo wa Yanga wakati huo, lilinifundisha kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akitaka kuvunja mkataba wake. Yanga wakasema bado ni mchezaji wao, na kamati ya TFF ikakubaliana nao Januari 2023. Mmoja wa wachezaji bora wa nchi akakaa nje miezi mingi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga mbele ya watu, Ikulu, wamalize jambo hilo. Juni 2023 akaenda Azam. Kila upande ulikuwa na wanasheria, na bado ilifika Ikulu. Sisi wa ligi ya wilaya tunaelewana kwa mdomo chini ya mwembe.

Kamati yetu sasa inaandika makubaliano na kila mchezaji, karatasi moja tu: jina, umri, mzazi kama hajafika miaka 18, muda, na nini timu itampa. Tunayasaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

7. England inaweza kuidai Mikumi mapenzi, na Mikumi inaweza kuidai England fedha

Hili ndilo ninalotaka kila kiongozi wa timu ndogo alisome polepole.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Huitwa malipo ya mshikamano. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 unalipwa asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka kati ya 16 na 23 unalipwa asilimia 0.5. Chukua uhamisho wa Samatta kwenda Villa, uliotajwa na vyombo vya habari kuwa karibu pauni milioni 8.5. Asilimia 0.5 yake ni pauni 42,500. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 120, kwa mwaka mmoja tu wa malezi. Timu yetu haijawahi kuona fedha hizo hata ukijumlisha maisha yake yote. Na zinalipwa kila mara mchezaji anapouzwa nje, katika kazi yake yote.

Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina chombo maalumu, FIFA Clearing House, chenye makao Paris, kinachokusanya malipo haya na kuyapeleka kwa klabu zinazostahili. Kinafuata pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya kila klabu aliyosajiliwa na tarehe zake. Klabu isiyo kwenye rekodi hiyo haipo, hata kama kijiji kizima kinamkumbuka mtoto akicheza peku.

Tuliwahi kuwa na kijana, winga wa mguu wa kushoto, aliyekulia mikononi mwetu tangu darasa la tano. Klabu moja ya Ligi Kuu ilimwona kwenye mashindano ya shule, ikamchukua. Hakukuwa na barua, hakukuwa na simu kwa kamati, na kwenye fomu zake sisi hatukuandikwa mahali popote. Tulifurahi kwa ajili yake na tunaendelea kufurahi. Lakini akiuzwa kesho Misri au Ubelgiji, sehemu yetu itakwenda kwingine kihalali kabisa, kwa kuwa karatasi hazitutaji.

Kwa hiyo sasa tunasajili watoto. Timu yetu ni mwanachama wa chama cha mpira cha wilaya, na ada tunalipa kwa wakati hata ikibidi kuahirisha jezi. Mtoto akitimiza miaka 12 tunachukua nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na kama hana tunamsindikiza mzazi kwenye ofisi ya usajili wa vizazi, RITA, akipate. Tunamwombea leseni kupitia chama cha wilaya ili aingie kwenye mfumo wa TFF, na kila msimu tunahuisha. Akiondoka, tunaandika tarehe na mahali anakokwenda, na kuomba barua kutoka klabu inayompokea. Kazi hii haina shangwe. Wanachama wengine wanaiona ni kupoteza fedha kwa watoto ambao huenda wasicheze hata Championship ya hapa nchini. Wengi wao ni kweli hawatacheza. Lakini kumsajili mtoto mmoja ni rahisi kuliko kukodi Coaster ya kwenda Kilosa, na akitoka mmoja tu kati ya mamia, uwanja wetu utapata ukuta.

Wewe unayefundisha watoto Kimamba, Rudewa, Kidodi, Ruaha au Ulaya, na wewe uliye Tandahimba au Kasulu unayesoma haya: kabla dirisha lijalo halijafunguka, nenda chama chako cha wilaya uulize timu yako inadaiwa nini ili iwe mwanachama halali. Lipa. Kisha anza kuandika watoto wako, majina na tarehe za kuzaliwa, wote waliofika miaka 12, wa kike na wa kiume.